Kicheko cha Hatua ya Nne

Sheria ilikuwa moja kwa kila mgonjwa wa moyo: akirudi nyumbani anafuata Mwongozo wa hospitali hatua kwa hatua, na nyumba nzima inafuata naye. Hatua ya nne ilikataza habari mbaya. Kidude cheupe ukutani kilisikiliza kila neno.

Kwa hiyo asubuhi alipofariki mdogo wa mumewe, Bi Mwanakombo alifuta machozi, akajipaka poda, akampelekea mumewe uji usio na sukari wala chumvi. Majirani waliokuja kutoa pole walisimama ukumbini wakitazamana.

"Chekeni," kiliamuru kidude, kwa sauti tamu ya kumbembelezea mtoto dawa.

Wakacheka. Wanawake wazima, kanga vichwani, macho mekundu, wanakenua meno! Mwanakombo alicheka nao.

Chumbani, mgonjwa mwenyewe, Bwana Shekuwe, aliweka kijiko chini. Mtaa ule ulijaa wagonjwa wa moyo, na vicheko vya namna ile alikwisha kuvisikia kwa jirani.

"Mama Rukia," alimwita mkewe taratibu, "leo kafa nani?"

"Mapigo ya moyo yako sawa," kidude kikasema. "Endeleeni kucheka."