Furushi la Magazeti

Bakari aliinua sindano ya gramafoni, wimbo ukakatika, watoto wakapiga kelele. Furushi lilikuwa limemwangukia Tabu, binti wa jirani. Akachana gazeti la juu, ikadondoka peremende, akaitia mdomoni kabla mtu hajamwomba. Chini ya gazeti lile palikuwa na gazeti jingine.

“Haya, lipitishe!” Bakari akasema, akashusha sindano.

Mchezo huo, wa kupitisha furushi mpaka wimbo ukatike na aliyelishika afungue gazeti moja, aliuona Oyster Bay, kwa Mzungu aliyekuwa akimwendesha gari. Hata gramafoni ilikuwa ya Mzungu, ila mwenyewe alikuwa safarini Morogoro na hakuwa na habari kwamba chombo chake kimehamia Temeke. Na siku ya kuzaliwa ya mtoto Marijani? Hakuna aliyeijua. Marijani alizaliwa wakati wa masika, basi. Bakari ndiye aliyeamua kwamba anatimiza miaka minne Jumamosi ile.

Wala hakufanya hivyo kwa kumpenda Marijani. Aliyempenda ni mama mdogo wa Marijani, Mwajabu. Alimpenda hasa, mpaka chakula kilikuwa hakimpiti. Mara tatu alipeleka posa kwa baba yake, Mzee Mwishehe, pete imefungwa ndani ya leso kama ilivyo desturi. Mara tatu mzee aliirudisha bila kuifungua.

“Leso ya posa ukiifungua mbele ya watu, ushakubali,” mzee alipenda kusema. “Na mie dereva anayejipaka marashi ya bwana wake simtaki.”

Basi safari hii leso ilikuwa ndani ya furushi. Bakari alimkabidhi Mwajabu tangu jana yake, mlangoni mwa uani, aizungushie magazeti yeye mwenyewe.

“Nikaze kamba?” Mwajabu aliuliza.

“Kaza. Ile ya mwisho kabisa mtoto asiiweze, mpaka babu yake amsaidie.”

“Na baba akishafungua, hawezi kuruka?”

“Aruke wapi, na watu wote wamemwona?”

Mwajabu alicheka mpaka akashika ukuta. “Kaka Bakari, una akili wewe!”

Hilo neno “kaka” halikumpendeza, lakini “akili” ilimtosha. Aliondoka kifua mbele.

Sasa nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake walikuwa uani na masufuria yao. Barazani walikaa wanaume: majirani, mwalimu wa madrasa, na mjomba wa Mwinjuma mwoka mikate. Mwinjuma alileta skonzi akaenda zake. Mjomba wake, ambaye hakuwa na mtoto wala mjukuu mchezoni, akabaki kumaliza pilau.

Mzee Mwishehe mwanzoni alijitenga, akinung’unika kuhusu mambo ya Kizungu. Peremende ya pili ilipodondoka akasogea. Ya nne ilimkuta mkekani, kampakata Marijani, na kila furushi lilipomfikia mjukuu, babu alilikumbatia.

“Mzee, wape na wenzio!” watoto walilalamika.

“Tulieni, wimbo bado!”

Mzee mzima alikuwa anaiba mchezo wa watoto, na Bakari alishukuru Mungu kwa kila wizi. Furushi lilipungua mpaka likawa kama ngumi. Bakari alitazama likienda, likirudi, likimfikia Tabu, likitua kwa Marijani. Akanyanyua sindano.

Marijani alivuta kamba. Haikukubali. Akajaribu tena, mdomo ukaanza kupinda kwa kilio.

“Babu, fungua wewe!”

“Lete hapa. Nani kafunga hivi, shetani?”

Mzee alitia fundo menoni. Bakari alifumba macho. Maisha yake yote yalikuwa katikati ya meno yale mabovu.

Kamba ilikatika. Gazeti likaanguka, leso ikafunguka. Mzee Mwishehe alikuwa na pete kiganjani na watu wote wamemkodolea. Alielewa palepale alichofanya.

Bakari akafumbua macho, tayari kwenda kumbusu mkwewe mkono.

Leso ilikuwa ya kijani. Bakari hakuwahi kuiona maishani mwake.

Barazani, mjomba wa Mwinjuma alikuwa ameshasimama, anajifuta mafuta ya pilau vidoleni. “Jamani, mmeshuhudia nyote? Posa ya kijana wetu imepokelewa.”

Kigelegele cha kwanza kilitoka uani, na kilikuwa cha Mwajabu.