Dakika Kumi na Nane Angani

"Una dakika kumi," mumewe alisema bila kuzima injini. "Ukiniletea takataka kama ile ya mwaka jana, tutajuana."

Mke, mshonaji wa nguo, alishuka garini, akavuka barabara mbiombio na kuingia katika duka la ndege ndogo za rimoti. Mumewe hakuweza kuingia mwenyewe. Aliwahi kugombana na fundi wa duka hilo mpaka akatolewa nje mbele za watu, na tangu siku hiyo humtuma mke. Lakini gari huliegesha mahali anapouona mlango.

Betri ya mwaka jana ndiyo iliyomponza. Ilikuwa nene kuliko nafasi yake tumboni mwa ndege, na kwa kosa hilo mumewe alimnunia wiki tatu, simu yake akaifungia kabatini. Kununa kuliisha. Simu haijatoka kabatini mpaka leo.

Safari hii hakutaka kubahatisha. Alitoa pochini uzi mwekundu aliokuwa amepimia ile nafasi, fundo moja kwa urefu, jingine kwa upana, la tatu kwa kimo. Kisha akatoa betri kuukuu, imevimba kama shavu lenye jino bovu.

"Hii msiichaji tena, dada, itawaunguzia nyumba," fundi alisema. Aliichukua kwa ncha za vidole, akaifukia kwenye ndoo ya mchanga. "Ilikuwa inakaa angani muda gani?"

"Zamani dakika saba. Sasa hata nne hazifiki."

"Na mzee anataka ngapi?"

"Kumi na nane. Zikipungua hazinifai."

Fundi alimtazama juu ya miwani. "Hazikufai wewe?"

"Hazimfai," alisema haraka. "Mimi ni mtumwa tu, nimetumwa."

Nje honi ililia mara moja.

Fundi alipanga betri tatu juu ya kaunta. Akagonga ile kubwa kwa kucha. "Ukitaka muda, baba lao ni hili. Dakika ishirini na tano."

Mshonaji alilinyanyua. Zito kama tofali. "Na ndege itaruka nalo?"

"Itaruka. Kama bata aliyeshiba, lakini itaruka."

"Basi hapana. Ikiyumba kidogo tu ataishusha, atatukana, na ndiyo safari ya kurudi nyumbani."

Ile ndogo ilikuwa ya dakika kumi; akaisukuma kando hata bila kuinyanyua. Ikabaki ya kati. Fundi aliiweka kwenye mizani, akapiga hesabu midomo ikimcheza.

"Kumi na saba, kumi na nane. Inategemea upepo na mkono wa mwenyewe. Akiirusha pole itadumu. Akipenda kuipinduapindua, itakwisha upesi."

"Hapendi mapindu. Anapenda izunguke palepale juu yake, asiipoteze machoni."

"Naye hawezi kuchoka akaishusha mapema?"

"Yule?" Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Hashushi mpaka betri ipige kelele. Hata chai huinywa mpaka machicha."

Honi ililia tena, mara mbili, ndefu. Mshonaji hakuondoka.

"Fundi, ndege ikiwa juu, mtu anaweza kugeuka nyuma? Tuseme, kuomba maji?"

"Athubutu! Macho angani, vidole kwenye rimoti. Akiangalia pembeni sekunde tatu, ataokota vipande. Hiyo ndiyo raha yake, dunia nzima unaisahau." Akamfungia ile ya kati kwenye boksi. "Mzee yule ana mdomo, lakini kwa mke kapata. Wangu hajui hata ndege yangu ina rangi gani."

Mshonaji aliipima betri kwa uzi mara ya pili, akahakikisha plagi zinaoana, akalipa na kutoka mbio.

"Dakika kumi na mbili," mumewe alisema. Aliigeuza betri huku na huku akitafuta kosa. Hakuliona, na hilo nalo likamuudhi.

Jumapili alasiri walikwenda uwanjani, nje kidogo ya mji, mahali palipokuwa na nyasi fupi na magoli mawili yaliyooza. Ukiacha safari za kutumwa dukani, ilikuwa siku pekee ya juma ambayo mke alitolewa getini. Mumewe alifunga gari, akatia ufunguo mfukoni na kumwonyesha mahali pake pa kila wiki, hatua tatu nyuma yake, na mkoba wa vifaa begani.

"Simama hapo, nisije nikawa na wawili wa kuchunga."

Ndege ilikimbia juu ya nyasi, ikajinyanyua, ikapanda bila kuyumba. Ilipofika juu ikaanza kuzunguka, na sauti yake ikawa nyembamba kama ya mbu.

"Unaiona?" aliuliza mumewe, uso umeelekea mbinguni.

"Naiona."

"Imetulia, eh? Leo hujakosea."

Sifa kama hiyo hakuwa ameisikia kwa miaka miwili. Akaushika mkanda wa mkoba kwa mikono miwili.

"Itakaa dakika ngapi?"

"Kumi na nane."

"Basi na wewe tulia."

"Nimetulia," alijibu. Akaulaza mkoba kwenye nyasi bila kishindo, akavua viatu, akavishika mkononi.

Mpaka kituo cha mabasi ni mwendo wa dakika kumi na tano, na mbili zilikuwa zimeshapita.