Blanketi la Nyasi

Juu mlimani, ambako umande huganda kila usiku, Pimbi aliyaonea aibu majani makavu kwenye nyasi za mlangoni pake, akayang'oa yote.

"Jirani, hayo ndiyo blanketi la machipukizi," Fuko alimwonya kutoka shimoni.

Pimbi akamcheka. Asubuhi machipukizi yote yalikuwa meusi kwa baridi, na watoto wake hawakuwa na cha kula.

"Usifukue," Fuko akamwambia. "Mizizi imeweka akiba ya chakula. Nyasi zitachipua tena, subiri tu."

Safari hii Pimbi alimwamini. Akasubiri mpaka akamzika mtoto wa mwisho. Ndipo akafukua, asikute mzizi hata mmoja. Alimkuta Fuko, amenona.

"Si ulisema nisubiri?"

"Ndiyo," Fuko akajibu huku akijipangusa udongo mdomoni. "Ungefukua mapema, mimi ningekula nini?"