Tovuti ya Duka la Sanda

Fundi Hashil alimwonyesha Bi Mize mifumo miwili ya kujengea tovuti ya duka lake jipya la sanda. Mmoja mafundi wengi wanautumia. Wa pili ameubuni mwenyewe, na kurasa zake zinafunguka kufumba na kufumbua.

"Huu wako, nani mwingine anaujua?"

"Mimi peke yangu, mama."

"Na Mungu akikuchukua?"

"Mbona unanizika mapema!" Hashil akacheka.

Bi Mize hakucheka. "Maiti hacheleweshwi, mwanangu. Tovuti ikikwama na wewe hupo, wafiwa watapata wapi sanda?"

Fundi akaufunga mfumo wake, akafungua ule wa wengi, akatengeneza fomu ya kuagizia. Ili kuijaribu, ilibidi aandike jina la marehemu. Vidole vyake vikabaki juu ya kibodi, havishuki.