Ndama wa Boma la Pili

Kwa mara ya tatu kompyuta ilimjibu Nosim vilevile: hakuna tofauti.

Alijifunika uso kwa mtandio. Nje ya ofisi ya mradi, hapo Karatu, madereva wa watalii walikuwa wakitaniana kwa sauti. Ripoti ilitakiwa kabla ya jioni. Bila tofauti kati ya ndama waliopewa dawa ya kuharisha na wasiopewa, dawa hiyo isingepelekwa tena kijijini Kakesio. Na mwaka jana, kabla ya dawa, mama yake mdogo Nareyu alichuna ngozi za ndama mpaka akaacha kulia.

"Umetumia jaribio gani?" aliuliza Dokta Bartolomeo, msimamizi wake.

"Nilianza na jaribio la t, la kulinganisha wastani. Lakini ndama ni wachache, na wawili wazito mno wanavuta wastani. Nikahamia Mann-Whitney, linalotazama nani kamzidi nani tu."

"Umechagua vizuri. Na makundi hayaingiliani? Boma la Nareyu lina dawa, la jirani yake Kakenya halina?"

"Hayaingiliani. Kuna korongo katikati."

Siku ya kwanza ya mradi Nosim alimweleza Nareyu kwamba ndama wa Kakenya wasipewe hata tone. Nareyu alicheka mpaka shanga zikalia. "Nyie wasomi mna utani," alisema.

Dokta aliinamia skrini. "Wa maboma yote mawili wamenenepa. Basi ni mvua, binti. Si dawa."

Akaondoka.

Nosim aliweka kidole juu ya mstari wa ndama mmoja wa Kakenya, mnene kuliko wote. Angemfuta huyu na mwenzake, tofauti ingejitokeza. Nani angejua? Akawakumbuka ndama wa Nareyu wa mwaka jana, wamelala ubavu, nzi machoni.

Hakufuta. Aliandika kwamba dawa haifanyi kazi, akatuma, akalia.

Kisha akapiga simu Kakesio.

"Yeyo, mama yangu, nisamehe. Nimejaribu kila njia. Dawa haitakuja tena."

Nyuma ya Nareyu ndama walikuwa wakilia, wenye afya, wakidai maziwa.

"Haya, mwanangu, usilie," alisema Nareyu. "Ila Kakenya huyu hapa mlangoni na kibuyu chake, amefuata nusu yake ya dawa kama kila siku. Nimwambie nini?"