Hita ya Chumba cha Mama

Chediel aliiinamia hita ya gesi, akainusa kama mtu anayekagua nyama ya jana. Kisha akatoa kijiti mdomoni na kutema mate palepale, sakafuni mwa duka.

"Hii ikivuja, mtu anajuaje?"

Manish, mwenye duka, aliyatazama yale mate. Leah hakutaka hata kutazama. Chediel alikuwa kaka yake wa tumbo moja, lakini siku hizi kula naye sahani moja kulimtia kinyaa.

Alikuwa na sababu. Kipupwe cha mwaka jana mama yao, kule Ilongero, aliota moto wa jiko la mkaa chumbani, dirisha limefungwa. Asubuhi Leah alimkuta hajitambui. Chediel, anayeishi ua huohuo, alisema ni uzee tu, akaendelea kunywa chai. Mama akapigwa marufuku mkaa, baridi nayo ikamhamia kifuani. Mwaka huu daktari alisema wazi kwamba kifua kile hakitahimili kipupwe kingine.

Tangu Pasaka Leah alisihi mama anunuliwe hita, Chediel akacheka. Juzi ndipo akapiga simu mwenyewe: "Njoo tuchague hita, naiweka chumba cha mama."

"Hii moto ukizimika, gesi inajikata," Manish alisema.

"Na joto? Inafika nyuzi thelathini na tatu?"

"Kwa bibi kizee? Utamwoka, kaka!"

"Wiki ya kwanza tu. Halafu tunashusha kidogo kidogo."

Alikataa ile ya magurudumu. Moto wake, alisema, uko chini mno, mtu ataungua. Akataka ya kuning'iniza. Akauliza dirisha liachwe wazi kiasi gani, hewa isichafuke. Akauliza kama mwanga wake utasumbua usingizi.

Leah akajikuta anamsikiliza. Mtu aliyemwacha mama kwenye moshi, leo anauliza habari za usingizi! Kawia ufike, alijisemea, na kile kinyaa kikamlegea kooni. Hata ndevu zake zenye makombo ya mandazi alizivumilia.

Walirudi Ilongero kwa bodaboda mbili, Chediel ameipakata hita kama mtoto mchanga. Upepo ulikuwa unakata masikio. Mama alikuwa kwenye jiko la nje, lile lisilo na mlango, amejifunga blanketi na anakohoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeipata? Kaka yako tangu jana anahangaika na chumba changu. Mungu ambariki."

Leah akapangusa machozi, akaingia ndani kumsaidia kaka yake kuitundika.

Kitanda hakikuwepo. Sakafu yote ilikuwa imemwagiwa maranda ya mbao, na juu yake kulikuwa na maboksi yenye matundu, yanalia pii, pii, pii. Chediel alikuwa amepiga magoti, anayafungua kwa upole ambao Leah hakuwahi kuuona mikononi mwake.

"Mama atalala wapi?"

"Si hukohuko jikoni," Chediel alisema, bila kuinua kichwa. "Yeye baridi ameizoea. Hawa wameanguliwa jana."