Hatua ya Themanini na Nne

Tangu apate kiharusi, Bi Mwanaidi alicheza karata peke yake, kwa mkono wa kushoto. Binti yake Salha, aliyeamini akili ya mama imepungua, alikuja kumhamishia kwake.

"Nikimaliza karata hizi kwa hatua chache kuliko kompyuta yako, nabaki kwangu," mama alisema.

Salha akazipa programu mbili za kompyuta karata zilezile, kwa mpangilio uleule. Ya kwanza ilizimaliza kwa hatua tisini na moja, ya pili themanini na saba.

"Hakuna njia fupi zaidi, mama."

"Nani kasema? Wewe hesabu tu."

Salha alihesabu kwa sauti, kisha kwa kunong'ona. Kwa hatua ya themanini na nne, ilibaki karata moja tu. Bi Mwanaidi aliinua karata ya mwisho, akaishikilia hewani, akamkazia binti yake macho.